Mtoto, Mtihani na Daftari la Deni

Kila utafiti kuhusu elimu na mbari huanza na uamuzi ambao aghalabu hauandikwi katika ripoti yenyewe, nao ni uamuzi kuhusu nani atakayetakiwa kujieleza. Mbari, kwa maana inayotumiwa hapa, ni makundi ambayo jamii imeyabainisha kwa rangi na asili ya watu kisha ikayagawia haki zisizolingana, na usawa wa kimbari katika elimu ni hali ambayo kundi alimozaliwa mtoto halitabiri tena shule atakayoipata wala manufaa atakayoyavuna humo. Mtafiti akianza na alama za mtihani, anayejieleza huwa ni mtoto, na nyuma yake mama yake, lugha ya nyumbani kwao na mtaa wao. Akianza na vitabu vya hesabu vya serikali, anayejieleza huwa ni serikali. Nchini Marekani sehemu kubwa ya karne ya ishirini ilipita katika njia ya kwanza, na kazi ya Gloria Ladson-Billings, mwalimu wa shule za Philadelphia aliyekuja kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, inastahili kutafakariwa kwa sababu aliitumia takribani yote kuwaelekeza wenzake kwenye njia ya pili.

Njia ya kwanza ilipata nguvu kutoka mahali ambapo hapakutarajiwa. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 iliagiza ufanyike uchunguzi wa taifa zima kuhusu watu kunyimwa fursa sawa za elimu kwa sababu ya rangi, dini au asili yao, na kazi hiyo ikakabidhiwa James Coleman, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambaye pamoja na wenzake alikusanya taarifa za wanafunzi zaidi ya 600,000 kutoka shule zipatazo 4,000. Waliouagiza uchunguzi huo walidhani utathibitisha kwa tarakimu kile walichokiona kwa macho, kwamba shule za Weusi zilikuwa duni na kwamba uduni huo ndio uliowafelisha watoto. Ripoti iliyotoka mwaka 1966 ilisema jambo jingine: tofauti za majengo, maabara na matumizi ya fedha baina ya shule zilieleza sehemu ndogo tu ya tofauti za ufaulu, ilhali hali ya familia ya mtoto na ya wanafunzi wenzake ilieleza sehemu kubwa zaidi. Waliotaka watoto Weusi na Weupe wasome pamoja waliitumia ripoti hiyo, kwa kuwa ilionyesha kwamba mtoto hufaidika na wenzake anaoketi nao. Lakini waliochoshwa na madai ya fedha nao waliitumia, na kwa muda mrefu zaidi, wakiamini kwamba imethibitisha kuwa fedha hazina maana.

Hapo ndipo dhana ya pengo la ufaulu, yaani tofauti ya wastani wa alama baina ya wanafunzi Weupe kwa upande mmoja na Weusi au Walatino kwa upande mwingine, ilipojijenga kama kipimo kikuu cha mambo yote. Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Januari 2002, iliyojulikana kama No Child Left Behind, iliamuru kila shule itoe matokeo yake yakiwa yamegawanywa kwa makundi ya kimbari, na lengo likawekwa kwamba ifikapo mwaka 2014 kila mtoto awe amefikia kiwango kinachotakiwa katika kusoma na hisabati. Ni haki kukiri wema wa sheria hiyo: shule iliyozoea kujificha nyuma ya wastani mzuri wa jumla ililazimika kuonyesha jinsi ilivyowaacha Weusi wake. Hata hivyo kilichopimwa kila mwaka kilikuwa mtoto, na adhabu iliiangukia shule yake, huku bajeti ya jimbo ikiachwa bila kuulizwa chochote.

Ladson-Billings alizaliwa Philadelphia mwaka 1947, akasoma Morgan State mjini Baltimore, taasisi iliyoanzishwa kwa ajili ya Weusi, akafundisha katika shule za umma za mji wake, kisha akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1984. Mwishoni mwa muongo huo alianza utafiti katika wilaya ndogo ya shule kaskazini mwa California, yenye wanafunzi wengi Weusi wa familia za kipato cha chini. Maandishi ya kitaaluma ya wakati ule yalijaa maelezo ya kwa nini watoto wa aina hiyo hufeli, naye akauliza swali ambalo mzazi yeyote angeliuliza lakini lililokuwa geni kwa wataalamu: watoto hawa wanafaulu mikononi mwa walimu gani, na walimu hao hufanya nini?

Namna alivyowapata walimu hao yafaa kuangaliwa bila haraka, maana ndani yake mmekaa msimamo mzima wa kitaaluma. Hakuanza na orodha ya wizara wala na alama za mitihani. Aliwaendea wazazi Weusi kupitia makanisa yao na kuwataka wawataje walimu waliowaamini, kisha akawauliza walimu wakuu swali hilohilo. Vigezo vya pande hizo mbili havikufanana. Walimu wakuu walitazama mahudhurio, uchache wa kesi za nidhamu na matokeo ya mitihani. Wazazi walitazama hamu ya mtoto ya kwenda shule, heshima ambayo wao wenyewe walipewa walipofika kuongea na mwalimu, na kama mwalimu alielewa kwamba mtoto wao analazimika kuishi katika ulimwengu wa kwao na ule wa Weupe kwa wakati mmoja. Waliotajwa katika orodha zote mbili walikuwa tisa, na wanane wakakubali, watano wakiwa Weusi na watatu Weupe. Mtafiti aliketi madarasani mwao, akawahoji, akarekodi vipindi vyao kwa video, na mwishowe akawakutanisha ili wazichambue kanda hizo pamoja naye, hata wakawa wafasiri wa kazi yao wenyewe. Huu ndio utafiti wa kimaelezo, yaani ule unaotegemea kutazama, kuhoji na kufasiri badala ya kupima kwa tarakimu, na udhaifu wake unajulikana: juu ya walimu wanane hakuna hesabu ya takwimu inayoweza kusimama. Lakini kuna maswali ambayo hesabu haiwezi kuyajibu mpaka kwanza mtu aende akaone ni kitu gani kinachopaswa kuhesabiwa, na hilo ndilo lililofanyika hapa.

Matunda yake yalichapishwa mwaka 1994 katika kitabu kiitwacho The Dreamkeepers, na mwaka uliofuata katika makala iliyotaja nguzo tatu za ufundishaji unaozingatia utamaduni wa mwanafunzi. Nguzo ya kwanza ni kwamba mtoto lazima ajifunze kwa kweli, asipewe sifa za bure. Ya pili ni kwamba asitakiwe kuutupa utamaduni wake ili afaulu, wakati huohuo akimudu walau utamaduni mmoja mwingine. Ya tatu ni kwamba afundishwe kuihoji jamii inayomzunguka, pamoja na ukosefu wa haki uliomo ndani yake. Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi nguzo hizo zilivyoshikana. Mwalimu mmoja alikuwa na desturi ya kuwaalika wazazi wafundishe darasani kwa siku chache kile wanachokijua, na mama mmoja aliyesifika kwa kuoka pai tamu za viazi vitamu akafika na ujuzi wake. Watoto hawakuishia kuonja, bali walitakiwa kuchunguza tafiti za George Washington Carver kuhusu viazi hivyo na kupanga namna bidhaa kama ile ingeweza kuuzwa. Mama asiye na cheti aliingia darasani kama mwenye elimu, na kutoka katika elimu yake zikachipuka sayansi, historia na biashara.

Yaliyoipata nadharia hiyo baada ya kusifiwa yanaeleza mengi kuhusu maisha ya mtafiti wa sera. Vyuo vya ualimu viliipokea, wilaya za shule zikaiweka katika miongozo yao, na katika safari hiyo nguzo ya tatu ikadondoka njiani. Katika makala ya mwaka 2014 Ladson-Billings mwenyewe alilalamika kwamba kwa wengi nadharia yake ilikuwa imegeuka kuwa kuongeza vitabu viwili vitatu vya waandishi Weusi, kubandika picha za watu wa rangi mbalimbali ukutani, au kuadhimisha Kwanzaa darasani. (Msomaji wa Kiswahili atakumbuka kwamba sikukuu hiyo, iliyobuniwa California mwaka 1966, imechota jina na kanuni zake saba kutoka lugha yake; heshima hiyo ni kubwa, ingawa haikumfundisha mtoto yeyote kugawanya sehemu.) Wakubwa wa elimu huchagua kutoka kwa mtafiti kile kisichowagharimu, na mtafiti asiyelitambua hilo mapema huzeeka akishangiliwa kwa jambo ambalo hakulisema.

Mwaka 1995, uleule wa makala ya nguzo tatu, Ladson-Billings aliandika pamoja na William Tate makala nyingine, iliyoingiza katika elimu nadharia ya uhakiki wa mbari, yaani mkabala uliozaliwa katika vitivo vya sheria, unaoshikilia kwamba ubaguzi wa rangi umesukwa ndani ya sheria na taasisi za kawaida, wala haukai katika mioyo ya watu wabaya peke yao. Waandishi hao walidai kwamba haki iliyolindwa zaidi katika historia ya Marekani ni haki ya mali, na kwamba palipo na mali ndipo ukosefu wa usawa wa kielimu unapoeleweka. Dai hilo halihitaji falsafa nzito kulithibitisha. Shule za umma za Marekani huendeshwa na wilaya za shule, ambazo ni mamlaka ndogo zenye mipaka yake, na sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na kodi ya majengo ya wakazi wa eneo hilo. Kwa hiyo mtaa wenye nyumba za thamani hujipatia shule yenye fedha nyingi, na mtaa ambao kwa miongo mingi benki zilikataa kuukopesha kwa kuwa wakazi wake ni Weusi hujipatia shule maskini. Mwaka 1973, katika kesi iliyotoka San Antonio, Texas, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba katiba ya shirikisho haiikatazi hali hiyo.

Mtazamo huohuo ulimfanya Ladson-Billings aisome upya hata hukumu ya Brown ya mwaka 1954, iliyoharamisha kuwatenga watoto kwa rangi na inayohesabiwa miongoni mwa fahari za taifa hilo. Katika kuunganishwa kwa shule za Kusini, shule zilizofungwa zilikuwa za Weusi, na inakadiriwa kwamba walimu na wakuu wa shule Weusi wapatao 38,000 walipoteza kazi katika majimbo 17 kati ya mwaka 1954 na 1965. Ukubwa wa hasara hiyo ulikuja kuonekana kwa tarakimu miaka mingi baadaye, pale wanauchumi walipoyachambua majaribio yaliyoanza Tennessee mwaka 1985, ambamo wanafunzi na walimu walipangiwa madarasa kwa bahati nasibu: mtoto Mweusi aliyepata walau mwalimu mmoja Mweusi katika madarasa ya mwanzo alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takribani asilimia 13, wa kumaliza sekondari. Hapo hesabu na uchunguzi wa macho vilikutana, ingawa kwa kuchelewa.

Kilele cha kazi ya Ladson-Billings kilikuwa hotuba aliyoitoa San Francisco mwaka 2006, akiwa rais wa chama cha watafiti wa elimu cha Marekani. Kwa mfano wa fedha za serikali alitenganisha mambo mawili ambayo wananchi huyachanganya: nakisi, ambayo ni upungufu wa mwaka mmoja pale matumizi yanapozidi mapato, na deni la taifa, ambalo ni mlimbikizo wa nakisi za miaka yote. Pengo la ufaulu, alieleza, ni nakisi ya mwaka. Serikali inaweza hata kulipunguza kwa muda na bado deni likaendelea kukua. Deni lenyewe alilipa sura nne. Kuna deni la kihistoria, linaloanzia enzi ambapo kumfundisha mtumwa kusoma au kuandika kulikuwa kosa la jinai. Kuna deni la kiuchumi, ambalo alilionyesha kwa takwimu kama zile za mji wake wa kuzaliwa: Philadelphia, yenye asilimia 79 ya wanafunzi Weusi na Walatino, ilikuwa ikitumia dola 9,299 kwa kila mwanafunzi, na Lower Merion iliyo jirani, yenye asilimia 91 ya Weupe, ikitumia dola 17,261. Kuna deni la kisiasa, kwa kuwa mzazi aliyenyimwa kura hakuweza kumwondoa madarakani aliyeinyima shule ya mwanawe fedha. Na kuna deni la kimaadili, yaani umbali uliopo kati ya kile ambacho jamii inajua kuwa ni haki na kile inachokitenda.

Wazo la deni huwa na uzito zaidi likisomwa pamoja na kumbukumbu za shule zilizojengwa vijijini Kusini mwa Marekani kwa msaada wa tajiri Julius Rosenwald mwanzoni mwa karne iliyopita. Shule hizo zilifikia karibu 5,000, na mfuko wa Rosenwald ulitoa dola milioni 4.3, lakini wanavijiji Weusi, wengi wao wakulima wasiomiliki ardhi, walichanga dola milioni 4.7, juu ya kodi waliyokuwa wamekwisha kuilipa na ambayo ilikwenda kujenga shule za wengine. Walilipia shule mara mbili.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia hii. Mwaka 1917 Thomas Jesse Jones, mtafiti aliyewahi kufundisha katika taasisi ya Hampton huko Virginia, alitoa kupitia serikali ya Marekani ripoti nene kuhusu elimu ya Weusi, iliyosifu mafunzo ya mikono na kilimo na kuitilia shaka elimu ya juu kwa walio wengi, ripoti ambayo mwanazuoni Mweusi W. E. B. Du Bois aliipinga vikali mara tu ilipotoka. Mtafiti huyohuyo ndiye aliyeongoza tume ya elimu ya mfuko wa Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, na mwaka uliofuata shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kwa jina la mwanamke wa Philadelphia, Anna Jeanes, ambaye mali yake ilikuwa imefadhili walimu wa vijijini Kusini mwa Marekani. Mpango ulioundwa kwa ajili ya Weusi wa Virginia ulivushwa bahari ukiwa na dhana yake yote kuhusu kiasi cha elimu kinachomfaa Mwafrika. Wazazi wa Kikuyu walioanzisha shule huru tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 walichangishana fedha, wakajenga, wakaajiri walimu na kudai masomo ya kitaaluma pamoja na Kiingereza, huku wakiendelea kulipa kodi ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ikaanza kuzifunga shule hizo. Katika pande zote mbili za bahari, mtaalamu aliandika ripoti, na wazazi ndio waliolipa gharama. Taaluma ya utafiti wa elimu na mbari, kwa hiyo, haina kizazi kisicho na hatia cha kurejea. Iliwahi kuwa chombo cha kuweka mipaka kabla ya kuwa chombo cha kuihoji.

Wazo la deni lina wakosoaji wake, na baadhi ya hoja zao ni nzito. Deni huhitaji mdai, mdaiwa na kiasi, na hotuba ya mwaka 2006 ilieleza vizuri zaidi jinsi lilivyolimbikizwa kuliko jinsi litakavyolipwa. Aidha, waliokuwa wakimnukuu Coleman waliendelea kuuliza kama fedha, hata zikitolewa, zitamfikia mtoto. Swali hilo la pili lilipata jibu zuri mwaka 2016, pale wanauchumi Kirabo Jackson, Rucker Johnson na Claudia Persico walipofuatilia watoto ambao shule zao ziliongezewa fedha kutokana na maamuzi ya mahakama za majimbo, wakaona kwamba ongezeko la asilimia 10 katika miaka yote 12 ya shule lilihusiana na mishahara iliyozidi kwa takribani asilimia 7 utu uzimani, na kwamba watoto wa familia maskini walifaidika zaidi. Coleman alikuwa amepiga picha ya siku moja; hawa waliwafuata watoto mpaka wakawa wazazi.

Swali la kwanza, la nani alipe deni na kwa kiasi gani, lina mkondo wa kisiasa. Kuanzia mwaka 2021 majimbo kadhaa, yakiwemo Texas, Oklahoma na Tennessee, yalipitisha sheria za kudhibiti namna mbari inavyofundishwa darasani, na jina la nadharia ya uhakiki wa mbari, ambalo kwa robo karne lilijulikana kwa wasomi wachache, likawa tusi la majukwaani. Sheria hizo ziliwaangukia walimu wa shule, ilhali mkabala wenyewe ulihusu zaidi kodi, mipaka na hukumu za mahakama.

Pennsylvania, jimbo alikozaliwa Ladson-Billings, ndiko deni lilikopewa kiasi. Mwaka 2014 wilaya sita za shule, ikiwemo William Penn inayopakana na Philadelphia na yenye wanafunzi wengi Weusi, zikishirikiana na wazazi na tawi la jimbo la chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, ziliishtaki serikali ya jimbo, zikidai kwamba mfumo wa kugharimia shule unavunja katiba ya jimbo. Watafiti walipanda kizimbani kama mashahidi wataalamu, wakaeleza hesabu zao na kuhojiwa kwa siku nyingi. Katika kesi hiyo wakili wa upande wa uongozi wa Seneti ya jimbo alimuuliza mkuu mmoja wa wilaya ya vijijini kwamba mtu anayeelekea kufanya kazi McDonald's anahitaji aljebra ya nini. Thomas Jesse Jones angelielewa swali hilo mara moja. Linafaa kukumbukwa kwa sababu nyingine pia, kwamba liliulizwa kuhusu watoto wa vijijini, ambao wengi wao huko ni Weupe, jambo linaloonyesha kuwa mantiki iliyojengwa kwa ajili ya Weusi haiishii kwao.

Februari 2023 mahakama iliamua kwamba mfumo huo unavunja katiba, katika hukumu yenye kurasa zaidi ya 700, na Januari 2024 tume ya jimbo ikakadiria upungufu kuwa takribani dola bilioni 5.4, ukapendekezwa kulipwa kwa miaka saba. Bajeti ya mwaka huo ilitenga karibu dola milioni 500 kama sehemu ya kwanza. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ambao kesi ilifunguliwa humaliza shule mwaka 2026, kabla awamu nyingi za malipo hayo hazijafika.